Ndege za mwisho wa kiangazi mu bonde la Ruzizi

1. Somo la mbayuwayu

Wakati nilikuwa mwanafunzi wa masomo ya msingi, tulikuwa na kitabu cha kusoma Kifaransa. Mu kile kitabu kulikuwa somo moja juu ya mbayuwayu. Lilisema ya kwamba kule Ulaya, majira ya joto yakifikia mwisho, mbayuwayu zinakusanyika juu ya waya, halafu zinaondoka kwenda mu inchi za joto. Mwalimu aliuliza: "Mbayuwayu zinaenda wapi?" Sisi wote tukajibu kwa sauti moja: "Mu inchi za joto!" Aliyekosa alipigwa fimbo.

Hakuna mtu aliyetueleza ya kwamba inchi za joto njo sisi. Inje ya dirisha, juu ya waya wa barabara ya Uvira, mbayuwayu zilikuwa zimepangana kama wanafunzi kwenye mstari. Tulikuwa tunasoma habari ya kuondoka kwao, na huku wenyewe wamekwisha kufika.

Siku ile nilirudi shambani kwa koko yangu, mama ya baba. Nilimpata anasafisha shamba kandokando ya mto. Aliangalia juu, akasema: "Mutoto wangu, zile zimefika. Tufanye haraka, mvua haiko mbali." Koko hakujua kusoma. Lakini kipande cha somo ambacho kitabu kilikosa, yeye alikuwa nacho.

Mu maandishi haya ninataka kueleza historia ya vile vipande viwili: kile cha Ulaya kilichoandikwa, na kile chetu kisichoandikwa.

2. Jibu la watu wa Uvira

Tuanzie kwenye mto wenyewe. Ruzizi unatoka mu ziwa Kivu, unashuka katika mabonde makali, halafu unatembea polepole mu bonde pana mpaka ziwa Tanganyika. Lakini kwa Wazungu wa karne ya 19 hilo lilikuwa fumbo kubwa. Walitafuta chanzo cha Nile, na walijiuliza: Ruzizi unaingia mu ziwa ao unatoka?

Mu mwezi wa 4 mwaka 1858 Burton na Speke walifika Uvira. Watu wa pale waliwaambia wazi ya kwamba mto unaingia mu ziwa. Jibu lilikuwa la kweli. Lakini kule Ulaya mabishano yaliendelea, mpaka Livingstone na Stanley walipoenda na mtumbwi kuangalia kwa macho yao mu mwezi wa 11 mwaka 1871. Kati ya jibu la wenyeji na kukubaliwa kwake kulipita miaka 13. Kila mvuvi wa Uvira alijua maji yanaelekea wapi. Alichokosa ni karatasi.

Ninaleta hadithi hii ya mto kwa sababu ile ya ndege inafanana nayo sana.

3. Mshale uliosafiri

Kwa muda mrefu watu wa Ulaya hawakujua ndege zao zinaenda wapi wakati wa baridi. Aristotle, yule mwenye hekima wa Ugiriki, aliandika ya kwamba mbayuwayu zingine zinajificha mu mashimo. Mu 1555 askofu Olaus Magnus wa Uswidi aliandika ya kwamba wavuvi wanazivuta na nyavu toka chini ya maji. Tusiwacheke. Mtu anayeona ndege zinaondoka tu, na hana ndugu upande mwingine wa kumuuliza, atafikiri nini?

Halafu mu 1822, karibu na mji wa Klütz, inchi ya Ujerumani, walipiga korongo mmoja. Mu shingo yake kulikuwa mshale wa urefu wa santimeta karibu 80. Haukuwa mshale wa Ulaya: mti wake na kazi yake vilionyesha unatoka Afrika. Korongo yule alichomwa huku, hakufa, akarudi kwao na mshale mu shingo. Wakamkausha, na mpaka leo anahifadhiwa mu chuo kikuu cha Rostock.

Njo kusema, moja kati ya majibu ya kwanza ya hakika juu ya safari ya ndege iliandikwa na mkono wa Mwafrika. Mwindaji yule alitaka nyama, hakutaka kuandika sayansi. Jina lake halijulikani, lakini mshale wake ulikuwa barua.

4. Mwalimu wa Viborg

Baada ya barua ile ya bahati, mtu mmoja aliamua kuandika barua za kusudi. Mu 1899, mu mji wa Viborg, inchi ya Danimarki, Hans Christian Mortensen alifunga pete za aluminiumu kwenye miguu ya ndege wanaoitwa kwezi. Kila pete ilikuwa na namba yake na mahali pa kurudisha habari. Mortensen hakuwa profesa mkubwa. Alikuwa mwalimu wa sekondari, kama mimi na wengi kati yenu mnaosoma kurasa hizi.

Kazi yake ilienea upesi. Mu mwezi wa 5 mwaka 1911, John Masefield, mwanasheria wa Staffordshire, Uingereza, alifunga pete mbayuwayu aliyezaa nyumbani kwake. Mu mwezi wa 12 mwaka 1912 ndege yule alikamatwa Natal, Afrika ya Kusini. Kiumbe cha gramu karibu 20 kilikuwa kimevuka bahari, jangwa la Sahara, misitu na mito, safari ya kilometa karibu elfu kumi. Hapo kitabu changu cha shule ya msingi kilipata neno lake la "inchi za joto".

5. Unyoya wa kofia

Kwetu Kongo, kazi kubwa ya kuandika ndege ilifanywa na Mwamerika James Chapin. Alifika mu 1909 pamoja na Herbert Lang, akiwa bado kijana wa miaka 19, na wakabaki mpaka 1915 wakizunguka kaskazini-mashariki. Kitabu chake juu ya ndege za Kongo kilitoka mu volimi nne, kati ya 1932 na 1954.

Mu 1913, kule Avakubi, Chapin aliona kofia ya mwenyeji yenye unyoya asioufahamu. Aliuhifadhi miaka mingi. Mu 1936, ndani ya jumba la makumbusho la Tervuren, Ubeligiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wenye unyoya ule ule. Walikuwa wameandikiwa kimakosa kama tausi wa Asia. Njo vile dunia ilipata habari ya tausi wa Kongo. Lakini aliyetengeneza ile kofia, yeye alikuwa amekwisha kumjua ndege huyu zamani.

Mto, mshale, unyoya: mara tatu historia inatuonyesha jambo moja. Wenyeji waliona kwanza. Aliyeandika njo aliitwa mvumbuzi. Sisemi wazungu waliiba. Chapin alifanya kazi ya heshima. Ninasema tu ya kwamba macho bila kalamu hayaachi urithi.

6. Kalenda ya koko

Sasa turudi mu shamba. Koko alikuwa na kalenda yake ya mwisho wa kiangazi, yaani mwezi wa 8 mpaka wa 10. Watu walipochoma majani makavu, mwewe walikuja kuzunguka juu ya moshi, wakikamata panzi wanaokimbia moto. Vitwitwi vilitokea kwenye mchanga wa mto, vikitikisa mkia. Baadaye mbayuwayu, halafu keremkerem wenye rangi nyingi wakipita juu kwa makundi na sauti zao. Mu miaka mingine tuliona pia korongo weusi wenye tumbo jeupe, wale wanaozaa upande wa Sahel na Sudani, halafu wanashuka kusini kufuata mvua na wadudu.

Je, ndege zinaleta mvua? Hapana. Mkanda wa mvua unafuata jua, na jua linavuka ikweta kuelekea kusini mu mwezi wa 9. Mvua ya kwanza inaamusha kumbikumbi na wadudu wengine, na ndege zinapata chakula. Lakini kuko tofauti moja muhimu. Korongo wa Sahel anafuata mvua. Mbayuwayu wa Ulaya hajui mvua yetu hata kidogo: anaondoka kwao kwa sababu siku zinakuwa fupi na wadudu wanapungua. Kwa hiyo mbayuwayu ni ndege wa tarehe, na korongo ni ndege wa mvua.

Koko alikuwa anajua tofauti hiyo bila kusoma jeografia. Alisema: "Mbayuwayu anakuambia utengeneze jembe. Hakuambii upande." Alingojea alama zingine kabla ya kumwaga mbegu. Siku hizi wakulima wengi wanalalamika ya kwamba mbayuwayu zimefika lakini mvua inachelewa. Ile methali yake ndogo ingeokoa mbegu nyingi.

Watoto pia walikuwa na kazi yao. Mupunga ukianza kujaza maziwa, tulipelekwa kuulinda toka asubuhi mapema, tukipiga makopo na kurusha udongo kwa kombeo. Wengine walichelewa masomo juu ya kazi hii, na mimi pia. Sitaki kuisifu: mtoto mahali pake ni mu darasa. Lakini ni pale tulijifunza kutofautisha ndege anayekula mupunga na nyange anayekula wadudu, yule asiyefukuzwa. Tulijua pia fundi chuma, ndege ambaye hakuna aliyethubutu kubomoa nyumba yake kubwa.

7. Mwaka 1996

Vita ya 1996 ilianza kwetu, mu ile miezi ya 9 na ya 10 ambayo mbayuwayu zinafika. Tulivuka ziwa, tukaenda Tanzania. Siku moja mu kambi, koko aliinua kichwa akaona mbayuwayu zikipita kuelekea kusini. Akasema: "Hizi zimepita kwetu. Mvua imeanguka mu mashamba bila watu." Halafu hakusema tena mpaka jioni.

Tulirudi. Nilimaliza diploma yangu ya chuo cha ualimu. Jioni moja koko alinitajia majina ya ndege, moja moja, pamoja na sauti zao na kazi zao, mpaka taa ikazima. Nilijiambia: nitaandika kesho. Koko alikufa mu 2009. Nilijua kuandika, nilikuwa na kalamu, na sikuandika. Leo ninakumbuka sehemu tu ya yale majina.

8. Kwa kumaliza

Nikiuliza wanafunzi wangu ndege ile inaitwa nani, wengi wanajibu: "Ni ndege tu." Mabwawa ya kandokando ya Ruzizi yanalimwa mwaka kwa mwaka, kwa sababu watu wanahitaji kula. Ndege zinaweza kupungua mbele ya macho yetu, na hatutakuwa na hesabu yoyote ya kuonyesha zilikuwa ngapi.

Kwa hiyo ninaomba walimu wenzangu jambo dogo. Kila mwaka, toka mwezi wa 8, darasa moja liwe na daftari moja. Waandike tarehe ya mbayuwayu wa kwanza, tarehe ya mvua ya kwanza, na majina ambayo wazee wa kijiji wanatoa, kila jina mu luga yake. Hakuna haja ya darubini wala ya franga za mradi. Mwalimu wa Viborg alianza na vipande vya aluminiumu tu.

Mimi nimekwisha kuanza daftari langu. Ukurasa wa kwanza una yale majina ya koko niliyobaki nayo, na chini yake nimeacha mistari mitupu. Kama mzazi wako ao koko wako angali hai, mujazie yenu leo hii, kabla taa haijazima.