Nchi Jirani: Lovanium, Mwana wa Louvain Katika Kongo

Kongo ilipopata uhuru kutoka kwa Wabelgiji tarehe 30 Juni, 1960, jeshi lake lililoitwa Force Publique lilikuwa na askari wapatao 25,000, lakini halikuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Maofisa wote, wapatao 1,000, walikuwa Wazungu. Askari yeyote anaelewa maana ya jambo hilo, na wiki moja haikupita kabla ya maasi kuzuka kambini. Lisilosimuliwa sana ni kwamba katika elimu ya juu hali ilikuwa ile ile: kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, Wakongo wenye shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Tena nchi hiyo ilikuwa na chuo kikuu chenye kinu cha nyuklia!

Chuo hicho kiliitwa Lovanium. Jina hilo ni la Kilatini, na maana yake ni Louvain, mji wa Ubelgiji wenye chuo kikuu cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1425. Mkono wa Louvain ulikuwa umefika Kongo zamani, kwani tangu mwaka 1926 watu wake wa utabibu walikuwa wakifanya kazi Kisantu. Mwaka 1954 chuo kikuu chenyewe kilifunguliwa juu ya mlima Amba, nje kidogo ya Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Padre Luc Gillon, mtaalamu wa fizikia, naye hakuwa mtu wa mipango midogo. Mwaka 1959 kinu cha nyuklia kikawashwa mlimani pale, cha kwanza katika bara zima la Afrika.

Haki ya mtu apewe. Lovanium haikuwa shule ya kupigia picha. Masomo yake yalikuwa mazito na shahada zake ziliheshimiwa. Lakini katika ushirikiano ule, mshirika mmoja alishika kalamu, muhuri na ufunguo wa mlango. Walimu karibu wote walitoka Ulaya, lugha ilikuwa Kifaransa, sheria iliyofundishwa ilikuwa ya Kibelgiji, na maamuzi makubwa yalikuwa ya Wabelgiji. Mtindo huo haukuwa wa Wabelgiji peke yao. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, shahada zake zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Tofauti ni kwamba huko Afrika Mashariki muhuri wa London uliwekwa kando mapema, kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na mwaka 1970 kila nchi ikabaki na chuo chake.

Wanafunzi wa Kongo hawakungoja hata wamalize masomo ndipo waitwe kazini. Mwezi Septemba 1960, Kanali Mobutu alipotwaa madaraka kwa mara ya kwanza, aliwakabidhi wizara vijana wenye shahada na wengine waliokuwa bado wanafunzi, katika Baraza la Makamishna lililoongozwa na Justin Bomboko. Naibu kamishna wa sheria alikuwa Étienne Tshisekedi, mwanafunzi wa Lovanium aliyepata shahada yake mwaka uliofuata. Hivyo basi, kijana wa chuo na mtu mwenye bunduki walianza safari yao pamoja, na aliyempa mwenzake kiti alikuwa mwenye bunduki. Jambo hilo lilikuja kuonekana baadaye.

Fedha za kigeni ziliendelea kuingia Lovanium baada ya uhuru, zikiwamo za mashirika ya Kimarekani ya Ford na Rockefeller. Wanafunzi nao walitaka kitu kingine. Mwaka 1964 waligoma wakidai kushirikishwa katika uongozi wa chuo na kutaka chuo kiwe cha Kiafrika. Mwaka 1967 Padre Tharcisse Tshibangu, Mkongo, akachukua nafasi ya Gillon. Mwaka 1968 Louvain yenyewe ikapasuka vipande viwili kwa ugomvi wa lugha baina ya Waflamandi na wasema Kifaransa. Mzazi aliyekuwa akimfundisha mwana umoja alishindwa kuutunza nyumbani kwake.

Tarehe 4 Juni, 1969, wanafunzi waliandamana mjini Kinshasa, na askari wakawafyatulia risasi. Idadi ya waliokufa iliyotolewa na serikali ilikuwa ndogo kuliko ile iliyotajwa na wanafunzi. Miaka miwili baadaye, Juni 1971, wanafunzi walipowakumbuka wenzao waliouawa, Mobutu alikifunga chuo na kuwaandikisha jeshini kwa nguvu. Hapa inafaa kukumbuka yaliyotokea Dar es Salaam mwaka 1966: wanafunzi karibu 400 walipinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Katika mji mmoja aliyekataa kutumikia alinyimwa chuo, na katika mji wa pili sare ya jeshi ilifanywa adhabu. Kumvalisha mtu sare ili kumwadhibu ni kuivunjia sare yenyewe heshima.

Agosti 1971 Lovanium ikafutwa. Iliunganishwa na chuo cha Lubumbashi, kilichoanzishwa mwaka 1956, na kile cha Waprotestanti cha Kisangani cha mwaka 1963, vyote vikawa Chuo Kikuu cha Taifa. Fasihi na sayansi za jamii zikapelekwa Lubumbashi, elimu na saikolojia zikapelekwa Kisangani. Muhuri wa Louvain uliondoka kweli, ila haukuangukia mikononi mwa walimu wala wanafunzi wa Kongo. Uliangukia ikulu.

Mwaka 1981 vyuo vitatu vilitenganishwa tena. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, 1990, wanafunzi waliuawa katika chuo cha Lubumbashi. Ubelgiji ikadai uchunguzi wa kimataifa na kuzuia misaada yake; Mobutu naye akawaamuru wataalamu wa ushirikiano wa Kibelgiji waondoke. Walimu wa Kongo walibaki na maktaba zisizopata vitabu vipya na mishahara isiyotosha. Vyuo vya Ubelgiji vilirudi miaka ya baadaye, vikatia saini mikataba na Chuo Kikuu cha Kinshasa juu ya mlima ule ule, na upande wa Kinshasa sahihi zikawa za wakuu Wakongo.