Kuchomelea au kusonga? Jinsi alumini ilivyokubali kushikana na feleji

Majuzi nilimpelekea fundi mmoja wa jua kali kipande cha alumini, nikimtaka akiunganishe na mguu wa meza yangu wa feleji. Alikigeuzageuza, akacheka. "Mwalimu, hizi mbili hazishikani. Nikichomelea, hii itakuwa uji kabla hiyo nyingine haijapata joto!"

Alisema kweli. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 ilhali feleji hungoja hadi karibu 1,500. Isitoshe, hata zikiyeyushwa pamoja, baina yao huzuka utando mgumu ila mwepesi kuvunjika, kama kigae. Ndiposa kwa miaka mingi viwanda vilitegemea ribiti na bolti.

Mambo yalianza kubadilika Desemba 1991. Wayne Thomas na wenzake katika taasisi ya TWI, karibu na Cambridge, Uingereza, waliomba hataza ya mbinu mpya. Chombo kigumu chenye ncha huzungushwa kwa kasi huku kikishindiliwa kwenye kiungo. Msuguano huzaa joto, metali hulainika bila kuyeyuka, nayo ncha huzikoroga pande mbili hadi zikashikana.

Mwanzoni ilikuwa alumini kwa alumini. Feleji ilikuwa mtihani mwingine, maana hulika ncha ile upesi. Watafiti walipata njia: ncha izame ndani ya alumini na iiguse feleji kidogo tu, kana kwamba inaikwangua. Kwa joto hilo la wastani, ule utando hubaki mwembamba sana na kiungo huwa imara. Mwaka 2012, Honda ilitangaza kuwa inaunga feleji na alumini kwa mbinu hii katika fremu ya mbele ya gari la Accord la soko la Amerika Kaskazini. Fremu hiyo ilikuwa nyepesi kwa asilimia 25 kuliko ile ya feleji tupu.

Sasa, mbinu hii tuiiteje? "Kuchomelea" limenyambuliwa kutoka "choma", ilhali hapa hamna mwali wala cheche. "Kulehemu", lenye asili ya Kiarabu, lina mzizi wa kuunganisha, lakini kwa wengi wetu linaleta picha ya risasi iliyoyeyushwa. Mimi napendekeza "kusonga". Anayesonga ugali huzungusha mwiko huku akikandamiza, na unga hushikana bila kugeuka maji. Aidha, kitenzi hicho hicho kina maana ya kubana. Basi tuseme "uungaji kwa kusonga".

Huenda msomaji akaniona ninabishania vijineno. La hasha. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi akiambiwa "chomelea", atadhani kwamba joto likizidi ndipo kiungo kitakaposhika. Hapa ni kinyume: joto likizidi, utando hunenepa na kiungo hukatika. Istilahi mbovu huharibu kazi hata kabla mashine haijawashwa.

Niliporudi kuchukua meza yangu, ikiwa imetiwa ribiti, nilimweleza fundi habari za ile ncha inayozunguka. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe ni kama kusonga sima! Sasa hapo nimekupata."

Sikuwa nimemtajia neno hilo.