Jinsi leza inavyozitambua molekuli hewani na juu ya nyuso za vitu

JIKO la makaa linaloachwa likiwaka usiku ndani ya nyumba iliyofungwa huweza kuangamiza familia nzima. Kinachoua ni gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi, harufu wala ladha. Jicho na pua haviwezi kuing’amua, lakini mwanga waweza. Elimu ya kuchunguza maada kwa kusoma mwanga inaoumeza au kuutoa huitwa spektroskopia, na chombo chake chenye nguvu zaidi ni leza.

Molekuli haitulii. Atomu zake hutikisika mithili ya vitu viwili vilivyounganishwa kwa springi. Atomu ya kaboni na ile ya oksijeni zinazounda kaboni monoksidi hutikisika takriban mara trilioni 64 kwa sekunde. Mwale usioonekana wa infraredi ulio na kasi hiyo hiyo ya mtikisiko, ambao urefu wa wimbi lake ni kama mikromita 4.7, humezwa unapopenya gesi hiyo. Methani humeza mwanga karibu na mikromita 3.3, nayo kaboni dioksidi karibu na mikromita 4.3. Hivyo basi, kila molekuli ina alama yake, kama vile kila mtu alivyo na alama za vidole.

Elimu hii ni kongwe kuliko leza. Mnamo 1859, Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff walionyesha mjini Heidelberg, Ujerumani, kwamba kila elementi ina mistari yake ya mwanga. Mwaka wa 1928, C. V. Raman aligundua mjini Calcutta, India, kwamba sehemu ndogo mno ya mwanga unaogonga molekuli hurudi ikiwa na rangi iliyobadilika, na badiliko hilo hufichua aina ya molekuli. Alitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka wa 1930.

Tatizo lilikuwa udhaifu wa taa za enzi hizo. Suluhisho lilianza kupatikana Mei 16, 1960, Theodore Maiman alipowasha leza ya kwanza huko California, Marekani. Mwanga wa leza ni wa rangi moja, husafiri kwa mwale mwembamba na una nguvu nyingi. Wataalamu walipofaulu kuunda leza ambazo rangi yake hurekebishwa kidogo kidogo, waliweza kuzifikia alama za molekuli moja baada ya nyingine. Kwa mchango wao katika kazi hii, Nicolaas Bloembergen na Arthur Schawlow walituzwa Nobel mwaka wa 1981.

Kwa gesi iliyo haba hewani, mbinu mojawapo, iliyobuniwa mwaka wa 1988, hutumia vioo vinavyorudisha karibu mwanga wote. Leza hunaswa katikati ya vioo hivyo na kwenda na kurudi hadi isafiri kilomita kadhaa ndani ya chombo kinachotosha juu ya meza. Kadiri gesi inavyokuwa nyingi, ndivyo mwanga unavyofifia upesi. Vifaa vya namna hii hutumika katika vituo vya mtandao wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani unaofuatilia gesi zinazoongeza joto. Kituo cha Mlima Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1999 kwenye mwinuko wa takriban mita 3,678, ni cha mtandao huo.

Uchunguzi wa nyuso za vitu ni mgumu zaidi. Uso wa sentimita moja mraba hubeba molekuli zipatazo trilioni 1,000 tu katika tabaka moja, ilhali sentimita moja ya ujazo ya hewa ina zaidi ya mara 20,000 ya idadi hiyo. Mwaka wa 1974, watafiti wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, walipata ishara kubwa ajabu kutoka kwa molekuli zilizoshikamana na fedha yenye uso wa kukwaruza. Baadaye ilibainika kuwa uso huo huikuza ishara ya Raman takriban mara milioni moja. Katika mbinu nyingine, leza mbili huelekezwa mahali pamoja na kuzaa mwanga wa tatu, ambao hutoka usoni pa kitu pekee.

Umuhimu wake u wazi. Moshi wa gari hupitishwa juu ya madini kama platinamu, ambako kaboni monoksidi hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi. Molekuli iliyoshikwa na platinamu hutikisika polepole kidogo kuliko iliyo huru, na tofauti hiyo humweleza mtafiti jinsi ilivyoshikwa. Mmisri Ahmed Zewail, aliyefariki mwaka wa 2016, alitumia leza za mwako mfupi mno kufuatilia molekuli zikivunjika, akapata Nobel ya Kemia mwaka wa 1999.

Hata sayari ya Mirihi imefikiwa. Roboti Curiosity, iliyotua huko Agosti 2012, ilibeba leza ya kupima methani hewani na nyingine inayogeuza chembe za mawe kuwa mvuke kutoka umbali wa hadi mita saba.

Hata hivyo, mitambo ya aina hii ni ghali na haimo majumbani. Kwa mwenye jiko la makaa, kinga ya kwanza ingali ile ile: kulitoa nje kabla ya kulala.