Kaiija, Mahali pa Kufulia Chuma

Mtu apitaye katika migomba ya Katuruka, kijiji cha Buhaya karibu na Bukoba, haoni dalili ya makao ya kale. Hakuna ukuta wala magofu. Huona migomba na mibuni tu, na nyumba za watu katikati yake. Walakini chini ya mashamba hayo yapo mabaki ya watu waliofua chuma tangu zamani sana. Twapenda kueleza jinsi yalivyojulikana, maana hayakufunuliwa kwanza na jembe, bali na maneno ya wazee.

Wazee wa Kihaya walisimulia habari za Rugomora Mahe, mfalme wa Kyamutwara, ambaye kwa hesabu ya vizazi alitawala katika karne ya 17. Walisema kwamba aliagiza ujengwe mnara wa chuma ufikao mbinguni, nao mnara ukaanguka. Mahali penyewe palijulikana kwa mti mkubwa wa matambiko uitwao Kaiija, na maana ya jina hilo ni mahali pa kufulia chuma.

Wengi wangaliiita habari hii ngano, wakaiacha. Peter Schmidt, mtaalamu kutoka Marekani, hakuiacha. Katika miaka ya 1969 na 1970 alikaa na wazee akaandika masimulizi yao, kisha akachimba karibu na mti ule. Ardhini alikuta mavi ya chuma, shimo la wahunzi lenye makaa, na vigae vya vyungu vya namna ya Urewe. Makaa ya shimo lile yalipopimwa, umri wake ulionekana kuwa yapata miaka 500 kabla ya Kristo. Wako walioshuku, wakisema yamkini mti uliochomwa ulikuwa mkongwe kuliko moto wenyewe. Na tanuru nyingi za Kemondo, jirani na hapo, ni za karne za kwanza baada ya Kristo. Hata hivyo, kwa hesabu yo yote, wahunzi hao walimtangulia Rugomora kwa zaidi ya miaka elfu.

Vyungu hivyo, ambavyo vingi vina kishimo kitakoni, vilikuwa vimekwisha kukusanywa na Padre Walter Edwin Owen upande wa Kenya. Alifariki mwaka 1945, na habari zake zikachapishwa mwaka 1948 pamoja na Louis na Mary Leakey.

Basi, je, wazee walikosea? Hapana. Schmidt aliona kwamba jina la mahali lilihifadhi kumbukumbu ya wahunzi wa kwanza, na ya kuwa ukoo wa wafalme ulipoingia uliitwaa heshima ya mahali pale, ukaliunganisha jina la mfalme na kazi ya kale. Tarehe ilisogea, mahali hapakusogea.

Mwaka 1976 wazee waliokuwa wameyeyusha chuma katika ujana wao walijenga tanuru tena, wakaonyesha jinsi mirija ya udongo iingiayo ndani ya moto inavyoipasha hewa kabla haijafika kwenye makaa. Wazee wale hawakuwa wengi. Baadaye UKIMWI uliwachukua watu wengi wa Buhaya, na pamoja nao masimulizi yao.

Kwa hiyo mwalimu asikiapo jina la shamba lisilo na maana dhahiri, na asilipite. Na aulize lina maana gani, aliandike pamoja na jina la pahali, maadamu yupo wa kujibu. Vigae vyaweza kungoja ardhini; msimulizi hangoji.