Katiba Yetu Husomwaje?

Sikukuu ya Jamhuri ikifika tunapika pilau, tunapeperusha bendera na kuwasimulia watoto habari za tarehe 12 Desemba 1963. Ya Katiba hatuyagusi sana. Safari hii tumeona tuyaguse, maana ndani yake imo kura yetu.

Mwaka 1969 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kesi ya El Mann, aliyeshtakiwa chini ya sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni. Sheria hiyo ilimlazimisha kujibu maswali, na majibu yake yakatumiwa dhidi yake. Akalalamika kwamba Katiba inamkinga. Majaji wakasema Katiba isomwe kama sheria nyingine yoyote, neno kwa neno: iliyokataza ni kumlazimisha mshtakiwa kutoa ushahidi kesi inaposikilizwa, naye aliulizwa kabla. Basi, akashindwa.

Sisi wauguzi usomaji huo tunaujua. Dozi husomwa tarakimu kwa tarakimu. Lakini mgonjwa hatumsomi hivyo, tungemsoma hivyo angetufia mikononi.

Mwaka 2004, katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya, Mahakama Kuu iliiacha njia ya El Mann. Ilisema Katiba si sheria ya kawaida. Bunge laweza kuirekebisha, ila kuiondoa na kuweka nyingine ni kazi ya wananchi wenyewe. Ndipo zikaja kura za maoni, ya 2005 iliyokataa na ya 2010 iliyokubali. Kifungu cha 259 cha Katiba mpya kinaagiza isomwe kwa kuendeleza madhumuni na maadili yake.

Sasa kura yetu. Kifungu cha 38 kinampa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura bila vizuizi visivyofaa. Kifungu cha 82 kinasema sisi wa nje tutaipata hatua kwa hatua. Kabla ya uchaguzi wa 2013 mahakama ilishikilia hizo hatua, na mwaka huo walipiga kura Wakenya wa nchi jirani tu. Uingereza tulifikiwa 2022, kwa kura ya rais peke yake, kituo kikiwa London. Baadhi yetu tulitoka zamu ya usiku tukapanda basi moja kwa moja.

Hatua kwa hatua, sawa. Lakini hatua ya miaka tisa? Hapo tunaona neno lilisomwa likaachwa lengo lake.

Na nyinyi watoto mliozaliwa huku, Kifungu cha 14 kinawahesabu raia kwa kuzaliwa, mradi mama au baba ni Mkenya. Mkifika miaka 18, foleni hiyo ni yenu pia.