Meli ya Waya katika Maji ya Unguja

Sisi tuliolelewa Kifanya, penye baridi na ukungu, bahari tuliijua kwanza kwa ramani ya darasani. Hata hivyo iko meli iliyozama ambayo habari zake zatuhusu. Ni Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza waya za simu baharini, iliyopanda mwamba karibu na mji wa Unguja mwaka 1902. Imelala katika kina cha mita 12 hivi, ndiyo maana wanaojifunza kuzamia kwa mitungi ya hewa hupelekwa huko, wakatazama mbavu za chuma na samaki, wakaridhika.

Lakini waya ulikuwa silaha. Ulifika Unguja mwaka 1879. Agosti 1896 mwakilishi wa Uingereza aliomba London, kwa waya, ruhusa ya kumshambulia Sayyid Khalid bin Barghash; jibu likaja kwa njia hiyo hiyo, na tarehe 27 mizinga ikanguruma kwa muda usiotimia saa moja. Vitabu vyetu vya shule husimulia mizinga, waya huachwa.

Siku ile Glasgow, meli ya Sultani, ilizamishwa bandarini. Mwaka 1912 mabaki yake yalivunjwa. Great Northern ingalipo, ikiliwa na kutu.