Bushi za MGB

Katika zama ambazo motokaa zilirithi maungo ya magari ya farasi, viungo vya springi vilitiwa bushi za shaba nyeusi, zilizodai mafuta pasi na kushiba. Na mpira ulipozirithi, adha ya grisi ikaondoka, ikabaki ya uchakavu.

MGB, gari lililoundwa Abingdon, Uingereza, tangu 1962 hadi 1980, idadi yake ikapita nusu milioni, lilitiwa katika mikono ya chini inayoshika magurudumu ya mbele bushi za mpira mtupu, vipande viwili viwili, ambavyo kwa mafuta na miaka huvimba na kupasuka, hata gari ambalo fahari yake ni utiifu wa usukani likaanza kutangatanga njiani. Ilipotoka MGB GT V8 mwaka 1973, ilikuja na bushi za kipande kimoja, mpira ulioshikamanishwa na chuma, nazo mafundi, wala siwalaumu, wakazihamishia katika ndugu zake, MGB za kawaida.

Kazi ya kubadili bushi yataka subira: springi iliyobanwa yaweza kuua, hivyo hushushwa kwa jeki taratibu, na nati za bushi hizo hazikazwi kabisa ila gari limekwisha kukalia magurudumu yake, kwani mpira uliokazwa hali mkono unaning'inia hubaki umejipinda, ukachanika kabla ya wakati wake.